Kitasa cha Munich

ZUHURA: Fikiri, leo naanza mimi. Jumanne saa mbili usiku, umeme hakuna, nimebeba nyanya zangu, nachomeka ufunguo mlangoni, kah! Umekatikia ndani.

FIKIRI: Nilikwambia tia mafuta ya cherehani.

ZUHURA: Haya, ameanza! Wasikilizaji mnamjua. Basi nimekaa kwenye ngazi namsubiri fundi, kijana nisiyemjua anashuka, ananiuliza, "Kitasa kimegoma, dada?" Mwili ukanisisimka wote.

FIKIRI: Na mchana kutwa tulikuwa tunaandaa habari za Stashynsky!

ZUHURA: Ndiyo maana. Bohdan Stashynsky, muuaji wa KGB, shirika la ujasusi la Umoja wa Kisovieti. Oktoba 1959, Munich, yuko ndani ya jengo analokaa Stepan Bandera, kiongozi wa wazalendo wa Ukraine. Bandera anaingia na manunuzi yake, nyanya zimo, anahangaika kuutoa ufunguo kwenye kitasa. Stashynsky anamuuliza kama kitasa kina shida. Anajibiwa kinafanya kazi. Hapo hapo anainua gazeti alilolikunja, ndani yake mna kibomba cha sumu ya sayanaidi, anampulizia usoni.

FIKIRI: Kitasa hicho kina mambo. Kabla ya hapo Stashynsky mwenyewe alikijaribu kwa funguo alizopewa, mmoja ukamkatikia kama wako. Alipokuja kukiri, vipande vikakutwa humo humo.

ZUHURA: Miaka yote ile?

FIKIRI: Chuma hakiendi popote, Zuhura. Ungetia mafuta...

ZUHURA: Fikiri!

FIKIRI: Sawa. Lakini mimi kinachoniuma ni Mei. Mei 1959 alimkuta Bandera gereji, peke yake, silaha anayo. Akashindwa. Akaondoka, akaenda kuitupa kwenye kijito. Mtu huyo moyo wake ulishakataa kazi.

ZUHURA: Na Oktoba akarudi kazini. Mei alijua ni dhambi, Oktoba akaitenda akijua. Tena alishamuua Lev Rebet, kiongozi mwingine wa wazalendo wa Ukraine, 1957, mji huo huo. Miaka minane jela, Fikiri, kwa roho mbili!

FIKIRI: Mahakama ya Karlsruhe, Ujerumani Magharibi, 1962, ilisema wahusika wakuu ni waliomtuma kutoka Moscow, yeye msaidizi. Na angekataa, angeenda wapi? Mjumbe hauawi.

ZUHURA: Huyo ni mjumbe abebaye barua. Huyu alibeba sumu. Alionyeshwa kwa mbwa inavyoua, akaona kwa macho yake.

FIKIRI: Lakini alijisalimisha mwenyewe. Agosti 12, 1961, mtoto wao mchanga amefariki, kesho yake ndiyo mazishi, yeye na mkewe Inge wanakimbilia Berlin Magharibi. Usiku huo huo mpaka wa Berlin Mashariki na Magharibi ukafungwa. Mtu aache maziko ya mwanawe! Hiyo si toba?

ZUHURA: Kwa mwanawe nitalia naye. Bandera na Rebet nao walikuwa na watoto, walizika baba. Usinichanganyie msiba na hukumu.

FIKIRI: Sichanganyi. Nasema aliyekaa ofisini akasaini, akamvika nishani, huyo hakufungwa hata siku moja.

ZUHURA: Afungwe naye! Mimi sijasema aachwe. Lakini kidole kilichobonyeza kilikuwa cha Stashynsky.

FIKIRI: Sikubali.

ZUHURA: Usikubali.

FIKIRI: ...

ZUHURA: Tumebakiza dakika moja. Tuliwaahidi mambo matatu ya kumjenga muuaji anayesita kwenye riwaya, hatujagusa hata moja.

FIKIRI: Wiki ijayo. Fundi wako alitia mafuta?

ZUHURA: Alitia. Kipande hakikutoka, nimenunua kitasa kipya.

FIKIRI: Alitia kidogo huyo.