Kipimo cha Damu na Ugonjwa wa Ubongo wa Kurithi: Mhadhara wa Kisumu

Asanteni kwa kufika. Naona mbele wamekaa wahudumu wa afya ya jamii, na huko nyuma kuna familia zilizokuja na swali moja: je, damu inaweza kutuambia kama ugonjwa wa baba utatufikia? Nianze na hilo, nisiwachoshe.

Kuna vipimo viwili, na watu huvichanganya. Cha kwanza ni cha jeni. Chukueni ugonjwa wa Huntington, ule unaomfanya mtu arushe mikono na miguu bila kutaka, abadilike tabia na akonde, majirani wakasema ni chira, ile laana ya kuvunja mwiko. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 4 na ilipatikana mwaka 1993. Ndani yake herufi tatu, CAG, hujirudia. Zikijirudia mara 40 au zaidi, mwenye nazo ataugua akijaliwa umri wa kawaida. Kati ya 36 na 39, huenda akaugua, huenda asiugue kamwe. Kila mtoto wa mzazi mwenye jeni hiyo ana nafasi ya nusu kwa nusu kuirithi, awe wa kike au wa kiume. Jibu la kipimo hiki halibadiliki maisha yote.

Neno kwa madaktari hapa: jibu likirudi kwamba mgonjwa hana Huntington, msifunge faili. Mwaka 2001 ulielezwa ugonjwa unaofanana nao sana, unaotokana na jeni iliyo kwenye kromosomu ya 16, na karibu wote waliokutwa nao wana asili ya Afrika. Tukiagiza vipimo kwa mazoea ya Ulaya tutaupita hivi hivi.

Kipimo cha pili ndicho kilichonileta. Chenyewe huuliza neva zinaharibika kwa kasi gani. Seli ya neva ina mkia mrefu, na mkia huo umeimarishwa na protini iitwayo nyurofilamenti nyepesi. Neva ikiumia, protini huvuja ikaingia kwenye maji ya uti wa mgongo, na chembe kidogo mno hufika kwenye damu. Hupimwa kwa pikogramu, yaani gramu moja iliyogawanywa mara trilioni. Zamani ilibidi mtu achomwe sindano ya mgongo, na mnajua habari za sindano hiyo zinavyosimuliwa vijijini. Siku hizi zipo mashine zinazohesabu molekuli moja moja, kwa hiyo damu ya mkononi inatosha.

Kazi yenyewe ni hii. Damu huingia kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, huzungushwa kwa kasi, chembe nyekundu zinatua chini na plazma ya manjano inabaki juu. Plazma hunyonywa taratibu, bila kugusa wekundu, ikagandishwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Uzuri wa protini hii ni uvumilivu wake: damu ikichelewa saa kadhaa njiani kutoka Bondo, haiharibiki upesi.

Mwaka 2017 watafiti wa London walionyesha kwamba wenye jeni ya Huntington waliokuwa na kiwango cha juu kwenye damu ndio waliodhoofika zaidi baadaye. Mwaka 2020 ikaonekana kwamba kiwango huanza kupanda kwa vijana waliobakisha takriban miaka 24 kabla ya dalili kutarajiwa, akili zao zikiwa timamu kabisa. Na mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya tofersen, kwa watu wenye ugonjwa wa neva za misuli unaotokana na jeni ya SOD1, kwa sababu iliishusha protini hii, ingawa jaribio lenyewe halikuwa limethibitisha nafuu kwa wagonjwa. Wengine waliona ni haraka mno. Mimi naona ilikuwa sawa, maana ugonjwa ule hausubiri.

Sasa tahadhari. Protini hii haitaji ugonjwa. Hupanda kwa kiharusi, kwa kisukari kilichokwisha kuharibu neva, kwa virusi vya Ukimwi visivyodhibitiwa, kwa figo zilizochoka, na kwa uzee tu. Kijana aliyepiga kichwa chini kwenye ajali ya bodaboda Kondele atakuwa nayo juu, hana jeni yoyote mbaya. Ukienda Dunga leo ukaona maji yamefika kwenye jiwe fulani, hujui ziwa linapanda au linashuka mpaka urudi tena. Damu ni hivyo hivyo: mtu alinganishwe na yeye mwenyewe, mwaka kwa mwaka. Na kabla ya kununua mashine, tukusanye kwanza damu ya watu wazima wenye afya wa hapa kwetu, maana viwango vingi vinavyotumika vimetokana na watu wa Ulaya na Marekani.

Dada yangu pale dirishani ameuliza kama ampime mwanawe wa miaka 12. Hapana, dada. Mtoto asiye na dalili hapimwi jeni ya Huntington. Asubiri afike miaka 18, aamue mwenyewe, na akikataa kujua, iwe hivyo. Hata hicho kipimo cha protini asifanyiwe kwa ajili ya kubahatisha, kwa kuwa namba ya juu itawapa hofu na ya chini haitawahakikishia lolote.