Sare ya 1987 na Mizani ya Mechi za Mtoano

Hamjambo, watu wa Kisumu. Hili nimelisema Kondele, nimelisema Kibuye, na leo nalirudia kwa sababu bado naulizwa: mwalimu, ni jambo gani kubwa kuliko yote kwenye fainali? Na anayeuliza huwa amekwisha kujijibu: lile lililotokea mara moja tu.

Haya, tupime. Oktoba 8, 1956, New York, mchezo wa tano wa fainali ya besiboli ya Marekani, ambayo bingwa ni anayetangulia kushinda michezo minne. Don Larsen wa Yankees aliwarushia mpira wapigaji 27 wa Brooklyn Dodgers, na hakuna hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza. Katika fainali hizo, hakuna mwingine aliyefanya hivyo, kabla yake wala baada yake. Ni adimu, sibishi. Lakini kesho yake Dodgers walishinda 1-0, ikabidi mchezo wa saba ndio uamue.

Kwenye kandanda, Geoff Hurst alifunga matatu katika fainali ya Kombe la Dunia 1966. Kylian Mbappé naye akafunga matatu 2022. Uhaba ni ule ule. Mmoja alibeba kombe. Mwenzake alibeba kiatu cha dhahabu cha mfungaji bora, kombe likaenda Argentina kwa penalti. Uzito ni ule ule kweli?

Sasa njooni nyumbani. 1987, fainali ya Kombe la Washindi Afrika, Gor Mahia na Espérance ya Tunisia. Kule Tunis, 2-2. Marudiano Nairobi, 1-1. Sare! Kila Jumapili uwanja wa Moi hapa mnaona sare, mnaenda zenu mkinung'unika. Hakuna matokeo ya kawaida kuliko hayo. Lakini fanyeni hesabu pamoja nami: jumla 3-3, na jumla ikilingana mabao ya ugenini ndiyo yaliyoamua. K'Ogalo, yaani Gor Mahia, wana mawili ya ugenini, wageni wana moja. Matokeo yakiwa 1-1, bao moja tu la Espérance linageuza hesabu kuwa 4-3, na kombe linapanda ndege. Beki anayeondoa mpira kwenye kisanduku dakika hizo hamtamkuta kwenye orodha yoyote ya mambo adimu. Ila yeye ndiye aliyelishika kombe lisianguke.

Mtasema napendelea timu yangu. Ndugu zangu wa Ingwe, mashabiki wa AFC Leopards, nawasikia mkiguna pale nyuma. Nitajieni basi klabu nyingine ya kandanda ya Kenya iliyotwaa kombe la bara hili. Tungoje? Haya.

Wengine mtanikumbusha misimu ya K'Ogalo ya ligi bila kufungwa, 1976 na 2015. Naiheshimu. Lakini kwenye ligi ukiteleza leo, Jumapili ijayo unajirekebisha. Kwenye mtoano hakuna Jumapili ijayo. Ndiyo maana kabla ya kuuliza jambo limetokea mara ngapi, mimi huuliza: lisingetokea, nini kingepotea?

Nilitaka kufika kwenye mikwaju ya penalti, lakini naonyeshwa saa. Tuiache. Dakika zilizobaki nampa mzee aliyeketi karibu na mlango. Aliniambia asubuhi kwamba siku ile alikuwa Nairobi, uwanjani. Mzee, karibu mbele. Vijana, mpisheni, mmoja amletee kiti.