Kiungo Aliyeona Kabla: Safari ya Scott Pendlebury wa Collingwood

Walimu wa michezo, makocha wa vijana, na nyote mliotenga mchana wenu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie nafasi ya kiungo, na najua wengi mlitarajia majina ya kandanda tunayoyajua. Mimi nimemchagua Scott Pendlebury wa klabu ya Collingwood, jijini Melbourne, mchezaji wa futiboli ya Australia, mchezo ambao hata vibanda umiza vyetu haviuonyeshi. Sababu ni moja. Kila msimu tunawarudisha vijana nyumbani kutoka kwenye majaribio kwa kuwa hawana mbio, na maisha ya mtu huyu yanaipinga tabia hiyo kuliko hotuba yoyote ninayoweza kuitoa.

Mchezo wenyewe nitaueleza haraka, maana bila hivyo hamtaona ugumu wa kazi yake. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859. Uwanja una umbo la yai na unaweza kufika mita 185 kwa urefu. Kila timu ina wachezaji 18 uwanjani, na hakuna kuotea. Kila upande wa goli una milingoti minne: ukiupiga mpira kwa mguu ukapita kati ya ile miwili mirefu ni pointi 6, ukipita pembeni yake ni pointi 1. Unaruhusiwa kuushika mpira na kukimbia nao, mradi uudundishe au uuguse chini kila baada ya mita 15. Kuurusha ni marufuku. Ukitaka kumpa mwenzako kwa mkono, unauweka juu ya kiganja kimoja, kisha unaupiga kwa ngumi ya mkono wa pili.

Katikati ya uwanja kuna mraba wenye upande wa mita 50. Mchezo unapoanza, na kila baada ya goli, ni wachezaji wanne tu wa kila timu wanaoruhusiwa kusimama ndani yake: mrefu mmoja anayeruka kuugombea mpira hewani, na viungo watatu wanaousubiri chini yake. Mpira ukishuka hapo, watu sita wanauvamia kwa pamoja. Mabega yanagongana na viwiko vinapita karibu na pua. Kuna pia sheria moja ambayo nawaomba muikumbuke, kwa sababu mazungumzo yetu yote yanaitegemea: ukiwa na mpira, na ulishapata nafasi ya kuutoa, mpinzani akikukamata kabla hujautoa, mwamuzi anawapa wapinzani mpira. Kwa hiyo kiungo wa kawaida akiupata tu anauondoa, anaupiga popote ilimradi usimfie mkononi.

Pendlebury haupigi popote. Yeye husubiri. Tazameni mkanda wowote wa mechi zake, mtaona anaupokea mpira katikati ya msitu wa miguu, anaunyoosha mbele mbali na kifua, na kwa muda mfupi sana anasimama kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Mpinzani anamvamia. Wa pili naye anaiacha nafasi yake, anakuja. Wakishafika karibu kiasi cha kumshika, ngumi inapiga, na mpira unamfikia mwenzake anayepita nyuma yao akiwa peke yake, hana wa kumkaba. Kusubiri kule kumewaondoa watu wawili kwenye mchezo. Mashabiki wa Australia hupenda kusema kwamba saa husimama akiwa na mpira, na nawaelewa. Ila saa haisimami. Alikwisha kuangalia huku na huku kabla mpira haujamfikia, na ulipofika hakuwa na la kutafuta tena.

Jicho hilo lililelewa kwenye uwanja mwingine. Pendlebury alizaliwa Januari 1988 katika mji wa Sale, eneo la Gippsland, kilomita 200 hivi mashariki mwa Melbourne, na mapenzi yake ya kwanza yalikuwa mpira wa kikapu. Alikuwa hodari kiasi cha kupewa ufadhili na Taasisi ya Michezo ya Australia kule Canberra, mahali ambapo taifa zima hupeleka vijana wake bora. Akauacha ufadhili huo, akarudi kwenye futiboli. Nafasi aliyoiacha alipewa kijana anayeitwa Patty Mills, ambaye mwaka 2014 alitwaa ubingwa wa NBA na San Antonio Spurs, na kwenye Olimpiki ya Tokyo akafunga pointi 42 katika mechi iliyowapa wanaume wa Australia medali yao ya kwanza kabisa ya kikapu. Uamuzi wa kijana mmoja ulizaa wachezaji wawili wakubwa katika michezo miwili, na mimi kila nikiufikiria nafurahi.

Kule Australia klabu hazinunui vijana kama tulivyozoea. Kila mwisho wa mwaka huwagawana kwa zamu, na timu iliyofanya vibaya huchagua mapema. Mwaka 2005 Collingwood walimaliza wa pili kutoka mkiani, wakapata zamu ya 2 na ya 5. Ya 2 wakamchukua Dale Thomas. Ya 5 wakamchukua Pendlebury. Msimu uliofuata alicheza mechi yake ya kwanza, na baadaye jezi namba 10 ikawa yake.

Sasa twende 2010, maana hapo ndipo watu walimjua kweli. Fainali ilichezwa Septemba 25 kwenye uwanja wa MCG, Collingwood na St Kilda, mbele ya watazamaji zaidi ya 100,000. Ikaisha 68 kwa 68. Siku hizi wangeongeza dakika, lakini kanuni ya wakati ule iliwataka warudi wiki inayofuata waanze upya. Fikirieni hilo kama makocha. Umewaandaa vijana mwaka mzima kwa ajili ya siku moja, wamekimbia mpaka magoti yanatetemeka, kipenga kinalia, na hakuna anayejua ashangilie au alie. Kisha una siku saba tu za kuwarudisha walikokuwa. Oktoba 2 Collingwood walishinda kwa 108 dhidi ya 52, na medali ya Norm Smith, anayopewa mchezaji bora wa fainali, ikaenda kwa Pendlebury. Alikuwa na miaka 22. Mechi ya marudiano miguu ya kila mtu imechoka, na mwenye kuona mapema hutumia miguu kidogo kuliko wengine. Sishangai ilikwenda kwake.

Katika kikosi kile kile alikuwemo Héritier Lumumba, beki aliyezaliwa Rio de Janeiro, ambaye baba yake ana asili ya Kongo. Nimemtaja kwa makusudi. Miaka ya baadaye Lumumba alisema hadharani jinsi alivyobaguliwa kwa rangi yake ndani ya klabu, na kwa muda mrefu hakusikilizwa. Mwaka 2021 ripoti iliyoagizwa na klabu yenyewe ikathibitisha kuwa ubaguzi ulikuwa umejikita katika mfumo wake, na rais wa klabu akajiuzulu. Pendlebury alikuwa nahodha wakati huo. Siwezi kuisimulia safari yake kana kwamba chumba kile cha kubadilishia nguo kilikuwa salama kwa kila mtu. Hakikuwa, na waliokuwemo wanalijua hilo.

Unahodha aliupata mwaka 2014, akaushika mpaka mwisho wa 2022. Tuzo ya mchezaji bora wa mwaka ndani ya klabu, Copeland Trophy, ameichukua mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 2013. Medali ya Brownlow, ambayo waamuzi humpa mchezaji bora wa ligi nzima, hajawahi kuipata. Waamuzi hupiga kura baada ya kila mechi, na mimi naamini kazi yake nyingi huwaponyoka: mwenye kufunga anaonekana, mwenye kukimbia mita 40 na mpira anaonekana, lakini aliyewavuta wakabaji wawili kwa kusubiri tu, huyo unapaswa uwe unamtazama yeye peke yake ndipo umwone.

Kuna hesabu moja hata hivyo isiyomkosa. Robert Harvey wa St Kilda alistaafu akiwa ameutoa mpira kwa mguu au kwa ngumi mara 9,656, rekodi ya ligi. Pendlebury akaipita, na akawa wa kwanza kufika 10,000. Mwaka 2024, akiwa na miaka 36, alicheza mechi yake ya 400. Kabla yake, katika historia yote ya ligi hiyo tangu 1897, waliofika hapo walikuwa watano tu.

Na katikati ya hizo kuna vilio. Mwaka 2018 alikuwa nahodha kwenye fainali dhidi ya West Coast. Collingwood waliongoza mpaka dakika za lala salama, ndipo Dom Sheed akapiga kutoka pembeni kabisa mwa uwanja, pembe ambayo goli halionekani vizuri, mpira ukapita katikati. 79 kwa 74. Mwaka 2021 wakamaliza wa pili kutoka mkiani, pale pale klabu ilipokuwa wakati inamchukua. Watu wengi waliona muda wake umekwisha.

Kocha mpya, Craig McRae, aliingia msimu wa 2022. Hakumweka benchi kwa heshima ya jina lake. Alimtumia. Mwaka 2023 unahodha ulikuwa umeenda kwa Darcy Moore, na mzee wa miaka 35 akabaki kati, akisimama pamoja na vijana kama Nick Daicos, ambaye alikuwa hata hajafika shule ya msingi wakati Pendlebury anacheza mechi yake ya kwanza. Septemba 30 waliwafunga Brisbane Lions 90 kwa 86, ubingwa wa 16 wa Collingwood. Kati ya mabingwa wa 2010 waliokuwa bado uwanjani ni wawili tu, yeye na Steele Sidebottom.

Makocha wenzangu, mbio za Pendlebury hazikuwahi kuwa za kutisha, hata akiwa na miaka 20, kwa hiyo umri haukuwa na kikubwa cha kumnyang'anya. Nimewaandalia mkanda wa robo ya nne ya fainali hiyo ya 2023. Naomba tuutazame pamoja kabla ya maswali. Msiufuate mpira. Mfuateni namba 10, na mhesabu ni mara ngapi anageuza shingo kabla mpira haujafika kwake.