Si Ramli: Jinsi Git Inavyoisaka Komiti Iliyobadilisha Mambo

Habari za jioni, jamani. Wa nyuma mnanisikia? Haya.

Nianze na fundi umeme. Waya umekatika ndani ya ukuta, mahali fulani kati ya mita na chumba cha mwisho. Fundi mbabaishaji anabomoa plasta kuanzia kwenye mita. Anayejua kazi anafungua boksi la katikati na kugusisha testa. Ikiwaka, huku nyuma kuko salama, anahamia nusu iliyobaki. Ndivyo ifanyavyo git bisect, amri ya Git, programu inayotunza historia ya msimbo. Amri hiyo iliingia mwaka 2005, mwaka uleule Linus Torvalds alipoianzisha Git. Unaiambia komiti (yaani badiliko moja la msimbo lililohifadhiwa) ipi ya zamani ilikuwa nzima na ipi ya leo ni mbovu, nayo inakupeleka katikati na kukuuliza. Komiti 1,000 zinaisha kwa maswali kama 10. Zikiwa 2,000, unaongeza swali moja tu.

Hesabu hiyo haina ugomvi. Ugomvi unaanza ukiulizwa: katikati ni wapi? Waya ni mmoja, lakini historia ya msimbo ina matawi yanayoachana na kukutana tena, na komiti ya kuunganisha ina wazazi wawili. Kwa hiyo Git inahesabu ukoo. Ukisema komiti fulani ni mbovu, washukiwa wanaobaki ni yenyewe na mababu zake. Ukisema ni nzima, hao wote wanaachiwa huru. Inayochaguliwa ni ile inayowagawa washukiwa karibu nusu kwa nusu, jibu lolote litakalokuja. Kwa timu zinazotaka kujua tu ni tawi gani liliingiza balaa, toleo la 2.29 la mwaka 2020 liliongeza njia ya kumfuata mzazi wa kwanza peke yake, yaani upande wa tawi lililopokea.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda zaidi: jibu la tatu. Unafika kwenye komiti, programu haijengeki kabisa; kuna mtu alihifadhi kazi nusu akaenda kula. Je, ni nzima au mbovu? Si hii wala ile. Chombo kinachokulazimisha kuchagua kinakulazimisha kudanganya. Git inakuruhusu kusema skip, yaani ruka hii, siwezi kuijua. Na kwa kuwa komiti zisizojengeka hukaa makundi makundi, haihamii kwa jirani, inaruka mbali kidogo. Mwisho wa yote, kama zilizorukwa zimeganda ubavuni mwa mhalifu, haibahatishi. Inakupa orodha ya washukiwa na kukuachia mwenyewe.

Ukiiachia skripti, yaani programu fupi ya kujaribu, ijibu badala yako, inajibu kwa namba: sifuri ni nzima, 1 hadi 127 ni mbovu, isipokuwa 125, ambayo ndiyo ruka. Hapo kuna mtego. Shelli, programu inayopokea amri zako, ikikosa amri uliyoitaja inarudisha 127. Ukikosea herufi moja kwenye jina la skripti, kila komiti inaweza kuonekana mbovu. Matoleo ya karibuni yameweka tahadhari kwa hilo, lakini miye bado naijaribu skripti kwa mkono kwanza.

Kosa langu kubwa lakini halikuwa la herufi. Nilikuwa natunza mfumo wa mauzo wa duka lisilofungwa usiku. Mwenye duka akalalamika: mauzo ya baada ya saa sita usiku yanaingia kwenye tarehe ya jana, na miezi miwili nyuma haikuwa hivyo. Komiti kama 400, maswali 9. Nikaanza saa saba na nusu usiku, kila jaribio dakika 20: nauza soda ya majaribio, naangalia tarehe. Mbovu, mbovu, mbovu, mbovu, mbovu. Kisha nzima, nzima, nzima, nzima. Git ikamtaja mhalifu: komiti iliyobadilisha rangi ya kitufe.

Wenye kujua saa za dunia naona mmeshaanza kucheka. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia. Mfumo ulikuwa unahesabu siku kwa UTC, kwa hiyo kosa lilionekana kuanzia saa sita hadi saa tisa usiku tu. Majaribio matano niliyafanya kabla ya saa tisa, manne baada yake. Nilichokuwa nakigawa nusu kwa nusu kilikuwa usiku wenyewe. Chombo hakikukosea hata hatua moja, kiliamini nilichokiambia.

Ndiyo maana napenda kwamba majibu yote yanaandikwa. Git bisect log inakupa kila ulichosema, kwa mpangilio. Unafuta mistari usiyoiamini, unaicheza upya kwa replay. Kesho yake mchana nilifuta majibu manne ya mwisho, nikaigandisha saa ya majaribio kwenye saa nane usiku, nikaendelea.

Na nilibadilisha maneno. Good na bad, maneno ya Git kwa nzima na mbovu, yanabana: siku nyingine unatafuta komiti iliyoponya kosa, au iliyofanya ukurasa ufunguke haraka, na hapo kuita nzuri mbaya kunakuvuruga kichwa. Tangu toleo la 2.7, mapema 2016, unajichagulia maneno yako, na hakuna aliyesema lazima yawe Kiingereza. Mimi niliandika hivi:

git bisect start --term-old=yaleo --term-new=yajana

Baada ya hapo unajibu git bisect yajana, nayo inaelewa. Swali likawa lile la dukani: soda hii imeandikwa tarehe gani?

Maswali manne tu, tukafika. Komiti yenyewe ilikuwa imefuta mstari mmoja kwenye faili la mipangilio ya seva, ule uliotaja majira yetu, Africa/Dar_es_Salaam. Ujumbe wake ulisema: "Usafi kidogo, mstari huu hautumiki."

Haya, maswali. Wewe mwenye kofia, endelea.