Mpiga nzumari wa barabarani na kanda niliyoiharibu

Asalaam aleikum jamaa zangu wa Mombasa, na hamjambo nyote mlioko kwingineko. Sauti ikikatika mjue ni upepo, maana upepo wa Dublin hauna adabu. Nimesimama karibu na kanisa kuu la Christ Church, na nyuma yangu hamuoni kitu cha ajabu: magari, watalii, mwavuli wa mtu umepinduka. Lakini Januari 1948, pande hizi hizi, lilikuwa limeegeshwa gari la kukokotwa na farasi, lile ambalo ndiyo nyumba yenyewe, watu hulala humo na kupika humo. Ukuta ukaporomoka, ukaliangukia. Aliyekuwamo hakufa siku hiyo, ila miguu ilipooza, na Januari 1950 akafariki katika mji wa Athy. Jina lake Johnny Doran, mpiga nzumari.

Najua mtakayoyasema. We kijana wa Kibokoni, Doran wakuhusu nini? Ngojeni, nakuja.

Mwajua mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Kuna mzee mmoja asili yake ni jimbo la Clare, huko magharibi ya Ireland, na asubuhi nikimuogesha hataki redio wala habari, ataka awekewe nzumari. Ni hiyo hiyo kila siku. Miezi ya mwanzo nilichoka nayo, haki ya Mungu, yalia kama mbuzi wa kafara. Siku moja nikamuuliza huyu apigaye ni nani, akaniambia, "Doran. Baba yangu alimuona kwa macho yake." Alivyolitamka lile jina, mtu angedhani amtaja walii.

Sasa niwaelezee chombo chenyewe, kwa sababu mkisikia nzumari ya mfuko akili zenu zinakwenda kwa wale Waskoti wa sketi. Siyo. Wenzetu mlioko Muscat na Kuwait mwaijua habbani, ile ya ngozi ya mbuzi inayopulizwa kwa mdomo. Hii ya Ireland haipulizwi kabisa. Yaitwa uilleann, tamka "ilin", na maana yake ni kiwiko cha mkono. Chini ya mkono mmoja pana mvukuto, kama wa mhunzi, mdogo tu, unajaza upepo ndani ya mfuko uliobanwa chini ya mkono wa pili. Vidole vyacheza kwenye nzumari yenyewe, na sauti yake yapanda oktava mbili. Pembeni kuna mabomba matatu ambayo kazi yao ni kuvuma tu, vuuuu, toka mwanzo hadi mwisho. Halafu, juu ya hayo yote, kuna mabomba mengine matatu yenye vibonyezo, na hivyo vibonyezo wavibonyeza kwa kifundo cha mkono huku vidole vinaendelea na wimbo! Husemwa kwamba mpigaji atakiwa miaka 7 ya kujifunza, 7 ya mazoezi, na 7 ya kupiga, ndipo ahesabiwe. Miaka 21. Hapo mtu wa kwetu ameshaoa, amejenga, na ana deni la chama.

Mdomo uko huru, kwa hiyo apiga huku akikusalimia. Mjomba wangu angecheka. Yeye alikuwa mpiga nzumari wa maharusini, wale wa mashavu kama mahamri yaliyofura vizuri, avuta pumzi puani huku aipuliza mdomoni, sauti haikatiki, na jasho lamtiririka hadi kwenye kanzu. Hao wa Ireland wametafuta mfuko uwafanyie kazi ya mashavu.

Turudi kwa Doran. Alizaliwa 1908 huko Rathnew, jimbo la Wicklow, kusini ya Dublin. Alikuwa wa jamii ya Travellers, yaani wasafiri, watu wa Ireland hii hii ambao zamani hawakuwa na makao ya kudumu, wakiziba masufuria, wakitengeneza vyombo vya bati na kuuza farasi. Nzumari ilikuwamo ukooni. Babu mzaa babu, au mzaa bibi, nasabu za hawa zataka kalamu, alikuwa John Cash, mpigaji aliyevuma karne ya 19. Na baba yake pia alipiga. Ndugu yake Felix naye alipiga.

Majira ya joto Johnny alifunga farasi akaondoka na familia yake kuelekea magharibi. Palipo na mnada wa farasi yupo. Palipo na mbio za farasi yupo, mechi za hurling, ule mpira wa magongo wa Ireland, yupo. Wapigaji wengi hukaa kitini, ile nzumari wameiegemeza pajani. Yeye alipiga wima, mguu mmoja ameukanyagisha juu ya sanduku. Na hili lina sababu. Mnadani kuna farasi, kuna walevi, kuna dalali anayepayuka. Ukikaa chini ukapiga kwa upole nani akutupie senti? Kwa hiyo upigaji wake ni wa kumwaga. Noti moja yaishikilia nyingine mkono bila kuachana, haraka, kisha ghafla azikata, ta-ta-ta, kama mtu apiga mbio halafu avuka ngazi tatu kwa mruko mmoja. Mimi si mtaalamu, nasema nilichokisikia kwa miezi nikiwa na sabuni mkononi.

Huko Clare kulikuwa na kijana aitwaye Willie Clancy wa Miltown Malbay. Alikuwa akipiga filimbi. Akamsikia Doran, basi, akili ikahama. Akawa amfuata kwenye minada. Nzumari yake ya kwanza aliipata 1938, na aliyempatia ni huyo huyo Felix, ndugu wa Johnny. Clancy akawa fundi mkubwa kwa haki yake, akafariki 1973, na mwaka huo huo ikaanzishwa shule ya muziki ya kiangazi kwa jina lake katika mji ule. Hadi leo kila Julai watu kutoka dunia nzima wajaa pale. Mzee wangu asema zamani ulikuwa unapata pa kulala.

Sasa nafika pale panaponiuma. Mtu huyu, pamoja na sifa zote hizo, hakuwahi kutoa santuri hata moja ya kuuzwa dukani. Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodiwa. Doran alikuwa akiingia Dublin na kutoka, mji wenye mashine na wenye redio, na karibu apite hivi hivi. Aliyemuokoa ni mpiga fidla mwenye duka mtaa wa Capel, John Kelly, naye asili yake Clare. Ndiye aliyehangaika hadi watu wa Tume ya Ngano na Mila ya Ireland wakakubali kumrekodi. Mwaka 1947, Kevin Danaher wa Tume hiyo akaweka sahani kwenye mashine, zile za asetati zinazochongwa palepale mtu anapopiga. Upande mmoja wachukua dakika chache tu, kisha wageuza. Ukikosea hakuna kufuta. Johnny akapiga nyimbo kadhaa. "Rakish Paddy" imo, "Colonel Fraser" imo. Zote ukizijumlisha hazifiki hata saa moja.

Miezi michache baadaye, ukuta.

Sahani zile zilikaa kwenye hifadhi. Kaseti ya watu wa kawaida kununua ilitoka 1988, miaka 38 baada ya yeye kuzikwa kwao Rathnew. Na kila anayesema leo apiga kwa mtindo wa Doran, ajifunza kutoka kwenye ile chini ya saa moja.

Kuna jambo la pembeni silimezi. Machi 2017 ndipo serikali ya Ireland ilipowatambua rasmi Travellers kuwa kabila lenye asili yake. Desemba ya mwaka huo huo UNESCO ikauweka upigaji wa nzumari hii kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Watu walisherehekea, sawa. Lakini mimi kazini nimesikia kwa masikio yangu mtu akiisifu nzumari ya Doran, na dakika kumi baadaye akiwasema vibaya Travellers walioegesha magari yao karibu na kwake. Nikanyamaza. Mgeni hunyamaza sana.

Haya, mjomba. Alikuwa na kanda moja. Moja tu. Ilirekodiwa harusini kwa redio-kaseti iliyowekwa juu ya kiti cha plastiki, nzumari mbele, ngoma nyuma, na wanawake wapiga vigelegele. Ilikaa kabatini kwa mama. Mimi nikiwa na miaka kama kumi na mbili nilitaka kanda tupu, sikuipata, nikavunja vile vipembe vya juu, vile ambavyo vikivunjwa kanda hairekodiki tena? Hapana, vilishavunjwa. Nilibandika karatasi kwenye vile vitundu, nikarekodi matangazo ya mechi ya Harambee Stars. Tena tulifungwa.

Mjomba alipojua hakunipiga. Aliuliza tu, "Upande wa pili nao?" Upande wa pili nao.

Amefariki miaka tisa sasa. Ndiyo maana mzee wa Clare akiniambia "weka Doran," siku hizi naweka bila kuguna, na mara nyingine naongeza sauti.

Kwa hiyo ninyi mlioko Kibokoni, Kuze, Majengo, Likoni. Harusi za miaka ya 1990. Mama yako ana kanda sandukuni, ina vigelegele na nzumari, na hamjui mpigaji ni nani. Msiichezeshe kwanza, huenda utepe umeshikana; isokoteni kwa kalamu taratibu. Kisha niandikieni hapa chini. Mjomba alikuwa na kitabia, akimaliza wimbo apuliza noti moja ndefu ya juu, kisha akohoa. Mkikisikia hicho kikohozi, nipigieni hata saa nane ya usiku.