Moto Unapopita Kwenye Misonobari Yenye Vimelea

Ndugu wasikilizaji, nianze na kimelea chenyewe, maana asiyekijua hataelewa moto unakifanya nini. Kinaitwa Arceuthobium, mmea mdogo unaoishi kwa kunyonya mti. Nazungumzia spishi zinazoishi kwenye misonobari ya magharibi mwa Amerika Kaskazini, ingawa Kenya na Ethiopia nako kuna ndugu yao mmoja anayeota juu ya mitarakwa.

Kwenye tawi lililoambukizwa utaona vijiti vifupi vya kijani au manjano vimechomoza kwenye gome, majani yake ni magamba tu. Tunda likiiva, msukumo wa maji ndani yake huifyatua mbegu kwa kasi ya mita 24 hivi kwa sekunde, ikatua hata mita 10 mbali. Mbegu ina ulimbo. Ikigusa sindano ya msonobari inanasa papo hapo. Ikishaota hupenya gome na kunyonya, na tawi hulipuka vitawi vilivyosongamana mfano wa ufagio mkubwa.

Hapo ndipo moto unapopata nafasi. Msonobari wa ponderosa ulio mzima hupukutisha matawi ya chini, na gome lake nene huhimili moto wa nyasi. Mgonjwa matawi yake yanabaki, yamening'inia, yamejaa utomvu na sindano kavu, basi moto unapata pa kupandia. Mtaalamu wa magonjwa ya misitu wa Marekani, Frank Hawksworth, alitoa mwaka 1977 kipimo cha ukali wa maambukizi kinachotumika hadi leo: gawa taji la mti, yaani sehemu yake yenye matawi, mara tatu, kila sehemu ipe 0, 1 au 2 kadiri ilivyoambukizwa, kisha jumlisha. Miti yenye 5 au 6 hufa kwa urahisi zaidi kuliko iliyo safi, hata ikiungua kiasi kilekile, kwa kuwa ilishanyonywa nguvu. Lakini mti ukinusurika hutoka na mzigo mwepesi, kwani tawi likifa, kimelea chake hufa nalo.

Ndiyo maana nasikitishwa na sera ya Marekani ya mwaka 1935, iliyotaka kila moto udhibitiwe kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Moto mdogo wa mara kwa mara ulikuwa ukiipogoa misitu ile. Ulipozuiwa, vimelea vilipanda juu na kuni zikarundikana chini.

Kwa msonobari aina ya Pinus contorta mambo ni tofauti. Koni zake nyingi, zinazobeba mbegu, zimefungwa kwa utomvu, na joto la moto ndilo huzifungua. Moto ukiua msitu wote, miche huota bila kimelea, nacho hurudi polepole kutoka pembezoni, chini ya mita moja kwa mwaka. Hatari ni moto unaoacha miti michache mikongwe yenye ugonjwa, maana hiyo huimwagia miche mbegu za kimelea kutoka juu. Miti hiyo ikatwe mapema, miche ikiwa bado haijafika urefu wa mita moja.