Miguu Ndiyo Ghali: Jinsi Gemu Zinavyobadilisha Sura za Jamii za Kubuni

Mhadhara kwa wanafunzi wa sanaa na watengenezaji gemu, Makerere, Kampala

Walimu wetu, ndugu wanafunzi, na nyinyi mliotoka Ntinda na Kabalagala kwa boda katika mvua hii, hamjambo. Projekta imekubali, kwa hiyo naanza kabla haijabadili nia.

Tazameni picha hii. Huyu ni Khajiit, mtu-paka wa mfululizo wa The Elder Scrolls wa kampuni ya Bethesda. Picha ni ya Morrowind, gemu ya mwaka 2002. Angalieni goti na kisigino: mguu umepinda kama wa mnyama, anakanyaga kwa vidole. Kwa macho yangu hajatokea Khajiit mzuri kumshinda huyu. Lakini mchezaji aliyemchagua alikuwa na hasara tangu siku ya kwanza: hakuweza kuvaa kiatu cha aina yoyote, wala kofia ya chuma inayofunika uso mzima. Waargonia, watu-mijusi, walikuwa na shida hiyohiyo. Mwenzako binadamu anajikusanyia buti za uchawi, wewe unapita pekupeku.

Ikaja Oblivion mwaka 2006. Miguu ikanyooshwa, ikawa ya binadamu, mkia ukabaki nyuma. Viatu vikaingia. Skyrim ya 2011 ikafuata njia hiyohiyo. Wapenzi wa Morrowind wakalalamika kwamba paka amegeuzwa mtu aliyevaa kinyago, na siwezi kuwabishia. Ila sisi humu tunataka kutengeneza, kwa hiyo tuitazame hesabu.

Mhusika wa gemu ana mifupa ndani ya ngozi yake, mifupa ya kompyuta, na mienendo yote hufungwa humo: kutembea, kukimbia, kuogelea, kupiga upanga, kuanguka na kufa. Jamii zenye mifupa ya aina moja hugawana mienendo. Ukiipa jamii moja mguu wa peke yake, umejitwisha kuitengenezea mienendo yake upya, na kila kiatu kilichomo ndani ya gemu kinadai toleo la pili. Kichwa hakina deni kubwa namna hiyo. Mpe pembe, mpe magamba, mpe pua ya chui, bado atatembea kwa mwendo wa jirani yake. Mtaona basi kwa nini katika gemu nyingi viumbe wa ajabu ni binadamu kuanzia shingoni kwenda chini. Wachoraji hawakuishiwa ndoto. Miguu ndiyo ghali.

Kinachonifurahisha ni jinsi waandishi wa mfululizo huu walivyokuja nyuma ya wachoraji wakatunga sababu. Katika Arena, gemu ya kwanza, 1994, Khajiit alikuwa mtu tu, karibu sawa na wengine. Daggerfall ya 1996 ikampa mkia. Morrowind ikampa kichwa cha paka. Gemu tatu, watu watatu, jina moja! Hapo wengine wangejifanya hawaoni. Wao wakasema: umbo la Khajiit hutegemea miezi miwili ya angani, Masser na Secunda, ilikuwa katika hali gani alipozaliwa. Wapo wanaofanana na watu, wapo wadogo kama paka wa nyumbani, na wapo wakubwa hata wakapandwa kama farasi. Kwa maelezo hayo hakuna sura ya zamani iliyofutwa. Zote zikawa ndugu wa ukoo mmoja. Ufundi huo nawaomba mwuibe mchana kweupe.

The Legend of Zelda ya Nintendo ilikwenda taratibu zaidi. Mwaka 1986 Zora alikuwa zimwi la majini, anaibuka, anakutemea moto, anazama. Mwaka 1998, katika Ocarina of Time, jina lilelile likapewa watu wembamba wa rangi ya samawati, wana mfalme, wana binti mfalme, wana adabu za ikulu. Katika gemu nyingi zilizofuata alikuwamo mmoja tu, ama zimwi ama mwungwana. Kisha Echoes of Wisdom ya 2024 ikawaweka pamoja, Zora wa mtoni na Zora wa baharini, na wakagombana. Sura mbili zisizopatana zikawa ndio mgogoro wenyewe wa hadithi. Mimi nilipiga makofi peke yangu sebuleni.

Draenei, jamii nyingine ya kubuni, ya gemu za Warcraft, nitawapita haraka. Mwaka 2003 walikuwa viumbe waliokunjamana, wanajificha. 2007 wakarudi warefu, wenye kwato, watukufu. Wale wa kwanza wakaelezwa kuwa ni ndugu zao walioharibika. Historia yao mpya iligongana na iliyokwisha kuandikwa, na Chris Metzen, aliyesimamia hadithi hizo, alikiri waziwazi kwamba kosa ni lake. Maelezo yanatosha kwa mchezaji, lakini kiraka kinaonekana.

Sasa maorki, majitu ya vita ya hadithi za njozi, kwa sababu hapa ndipo sura inapoacha kuwa urembo. Katika Arena orki ni adui wa kuua. Katika Daggerfall yupo orki aitwaye Gortwog anayedai watu wake watambuliwe, wawe na ufalme wao. Morrowind ikamruhusu mchezaji kuwa orki. Rangi ya kijani ilibaki, meno yakabaki. Kilichobadilika ni kwamba sasa lazima awe na nywele za kuchagua, na nyuso za wazee na vijana. Nenda kwa Warcraft: orki mwanamume alitembea amejikunja tangu World of Warcraft ilipotoka 2004, na mchezaji hakupewa ruhusa ya kumsimamisha wima mpaka 2018. Miaka kumi na minne kunyoosha mgongo! Uti wa mgongo nao ni mfupa, na silaha na mavazi yote yananing'inia juu yake.

Sauti nayo ni sehemu ya sura. Katika Oblivion ya 2006 Khajiit na Mwargonia walisemewa na waigizaji walewale. Ukifumba macho hujui ni paka au mjusi. Toleo jipya la tarehe 22 Aprili 2025 liliongeza sauti ili jamii zitofautiane. Nawaambia hili kwa sababu kurekodi sauti nzuri hapa Kampala ni rahisi kuliko kutengeneza mguu.

Nije nyumbani. Najua wengi humu mnawachora Bachwezi, watawala wa kale wa simulizi zetu. Mnapenda kuanzia usoni: warefu, ngozi inang'aa, macho ya ajabu. Subirini kidogo. Speke, mpelelezi Mwingereza, alifika kwa Mutesa, Kabaka wa Buganda, mwaka 1862, na kitabu chake cha mwaka uliofuata kikadai kwamba watawala wa nchi hizi za maziwa ni kizazi cha wageni kutoka Uhabeshi. Waliomfuata wakawageuza na Bachwezi kuwa weupe kutoka mbali, kana kwamba mahandaki ya kale ya Bigo bya Mugenyi, hapa Uganda, yasingeweza kuchimbwa na watu wa hapa. Hao ni watu wetu wa simulizi, wamechorwa upya na mkono wa mgeni, na mchoro ule bado unatembea katika madaftari yenu. Nimeyaona.

Ningeanza na nguo. Lubugo, gome la mti wa mutuba linalogongwa mpaka likawa kitambaa, hufungwa begani. Haliulizi umbo la mguu. Mchwezi aliyefungwa lubugo mpaka chini anaweza kutumia mifupa ileile ya wahusika wenu wengine, na fedha iliyookolewa ikaenda kwenye vichwa vingi: mfalme wa Kichwezi Ndahura mmoja kijana, mmoja mzee, mfalme Wamara aliyenenepa, wanawake wenye makovu, watoto. Kisha ng'ombe. Pembe za ng'ombe wa Ankole msizipunguze hata inchi, hata kama zitagonga kila mlango kwenye gemu. Pandisheni milango.

Nusu saa iliyobaki ni ya maswali. Dada wa pale nyuma uliyeinua mkono tangu nilipomtaja Speke, anza wewe.